Ndege Wawili wa Foronya

Nilimwahidi bibi yangu kwamba karatasi zake za michoro hazitatoka kamwe nje ya nyumba yake ya Maisaka. Nilikuwa na miaka tisa, umri ambao mtu huahidi kwa wepesi wa diwani. Juma lililopita, nikipita sokoni hapa Babati, niliona foronya za mashine zimetundikwa mbele ya duka la mashuka, na juu yake ndege aliowachora bibi. Nikasimama kama mtu aliyekamatwa.

Acha nikueleze kazi yenyewe ya kutarizi, maana wanaoiuza hawaijui. Bibi alichora kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kisha akaitandaza juu ya blanketi lililokunjwa na kuutoboa mstari wote kwa sindano, tundu baada ya tundu, kwa sauti kama ya mvua inayoanza kwenye majani ya mahindi. Mimi nilisaga mkaa na kuuchekecha kwa kipande cha khanga mpaka ukawa laini kuliko unga wa uji. Karatasi ikiwekwa juu ya kitambaa cheupe, bibi aliigongagonga kwa pamba yenye mkaa, akainyanyua, na ndege akabaki pale kwa vitone, akisubiri uzi. Makande yalichemka jikoni, na hakuna aliyerudi kwenye kitambaa bila kunawa hadi viwikoni.

Foronya za bibi harusi zilikuwa mbili, na kanuni moja: ndege lazima watazamane. Kwa hiyo, kwa foronya ya pili, bibi aliipangusa karatasi, akaigeuza na kupiga mkaa upande wa nyuma. Ni hilo tu.

Jirani yetu aliiona kazi hiyo kuwa jambo dogo. "Mama, unaficha karatasi kama hirizi," alimwambia bibi.

"Hirizi ungeinunua," bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Hii inataka ukae."

Jirani hakukaa. Alinakili ndege mmoja kutoka foronya ya ndugu yake, iliyotariziwa na bibi, kwa karatasi ya kaboni, akamrudia vilevile kwenye foronya ya pili. Siku ya kumuaga binti yake, foronya zilitandazwa mbele ya wageni, ndege wote wawili wakitazama mlangoni.

"Huyu wa nyuma anamsindikiza mwenzake au anamfukuza?" aliuliza shangazi wa bwana harusi. Wageni walicheka. Nilicheka pia, kwa dharau ya mtoto anayejua siri.

Tazama basi nilivyokuja kuwa. Nilirudi kutoka chuoni na maneno mazito: uwezeshaji, masoko, urithi. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mwenye duka lile la mashuka aliniomba karatasi za bibi "kwa siku mbili tu, kaka msomi, tuuenzi utamaduni wetu," nami nikampa, nikijiona mkombozi. Akazipiga picha kwa simu. Mashine ikafanya yaliyobaki. Karatasi zilirudi zimekunjwa mara nne, matundu yamechanika kwenye mikunjo, hazifai tena kuchorea hata unyoya mmoja.

Juma lililopita nilimuuliza mbona ndege hawatazamani. Alinionea huruma. "Mteja anaangalia ndege, kaka. Nani anaangalia wanakoangalia?" Na kwenye kila foronya amebandika kikaratasi: Ubunifu wetu.

Simdharau kwa kutafuta riziki. Namdharau kwa neno hilo "wetu", lililomeza miaka yote ya mwanamke mmoja na sindano yake. Najidharau zaidi mimi. Jirani alikosea kwa haraka. Mimi nilikosea kwa hotuba, na nilipokisoma kikaratasi kile, jina la bibi lilikuwa mdomoni mwangu nikalimeza. Ua wetu haunuki tena mkaa uliosagwa wala kitambaa kipya. Hakuna anayetoboa.

Ukifika sokoni Babati ukaziona foronya hizo, nakuomba umuulize mwenye duka ni nani aliyewachora ndege. Usinunue kabla hajajibu.