Kuku Asiye na Firigisi

Mama Pacha hakuwa mwoga. Alijifungua watoto wawili kwa mpigo, ugenini, mumewe akiwa kazini na simu imezimika, na likizo ilipokwisha akarudi kwenye kazi yake ya kukunja mashuka katika dobi ya hospitali kama mtu aliyetoka kunywa chai. Lakini siku alipoambiwa kwamba mama mkwe anakuja kukaa nao miezi mitatu asaidie kulea, aliogopa. Walikuwa hawajawahi kuonana. Ndoa ilifungwa hukohuko ugenini, mama mtu akatumiwa picha, akazitazama, na jibu lake likawa moja tu: "Mwembamba. Anajua kupika?"

Basi hilo ndilo lililomsumbua Mama Pacha. Bibi akirudi nyumbani akasema "mwanangu ameoa", ukoo mzima utamkubali. Akisema "mwanangu analala njaa", hata azae pacha mara tatu atabaki kuwa yule mwanamke wa kwenye picha.

Bibi alifika na koti jipya na goti bovu. Mwanawe ni fundi lifti, anatengeneza lifti za mji mzima, ila ya jengo lao ilikuwa imekufa, na mwenye nyumba ana fundi wake ambaye haonekani. Mganga hajigangi. Bibi akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne akipumzika kila baada ya ngazi chache, na alipofika juu akauliza kama huku wanaishi na watu au na kunguru.

Chakula sasa. Hakukataa kwa jeuri. Alionja, akashukuru, akasogeza sahani. Mkate alisema ni godoro. Wali alisema hauna harufu, na maharage ya kopo aliyatazama tu. Akawa mtu wa chai asubuhi, chai mchana, chai jioni, hadi mashavu yakaanza kubonyea. Fundi akawa anamwangalia mkewe kwa jicho la "fanya kitu". Fanya kitu! Yeye mwenyewe kuchemsha yai ni mpaka aulize maji yanatiwa kabla au baadaye.

Mama Pacha akaingia mtaani. Kila akitoka dobi, badala ya kupanda basi la nyumbani anashuka njiani na kuulizia. Unga mzuri aliupata duka moja dogo nyuma ya kituo cha treni, karibu na betri na sabuni za unga. Ndizi za kupika alizikuta kwa muuza matunda mmoja, kazificha chini ya meza, maana wateja wake walikuwa wakizinunua kwa kudhani ni za kula zilizochelewa kuiva, kisha wanarudi kumgombeza. Bibi akala kidogo. "Afadhali," alisema. Halafu akatoa lake la moyoni: "Nimemkumbuka kuku. Si hawa wenu wa pamba. Kuku."

Aliyemwokoa hapo ni mwenzake wa dobini, yule anayekunja naye mashuka makubwa, huyu ameshika pembe hizi na yule pembe zile. Huyo alimwelekeza bucha moja sokoni inayouza kuku wakongwe waliochoka kutaga. Mama Pacha akachagua mmoja mgumu kama kiatu, akamchemsha kwa tangawizi na kitunguu mpaka jirani wa chini akatoka kuangalia kuna nini. Harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa. Hata yeye ilimtia simanzi kidogo, na akajua leo kazi ameiweza.

Wakakaa mezani. Bibi akavuta bakuli, akachungulia, akaanza kugeuza vipande kwa kijiko. Mapaja, vipapatio, kidari, mgongo, shingo. Akarudia upya, polepole, kama anayetafuta sindano.

"Firigisi ya mwanangu iko wapi?"

Jamani, kama kuna asiyejua nimweleze. Katika nyumba aliyokulia fundi huyu, firigisi ni ya baba. Hailiwi na mgeni wala mtoto, na mwanamke shughuli yake ni kuipasua, kuitoa mchanga, kumenya ile ngozi ya njano na kuipeleka mezani. Kuku akifika bila firigisi, swali si iko wapi. Swali ni nani kaila, na jikoni huwa kuna mtu mmoja.

"Mama, kuku wa huku wanauzwa wameshatolewa vya ndani," alisema Mama Pacha.

"Kavitoa nani?"

"Wenyewe wanaochinja, huko kiwandani."

"Na huyo kuku alipokuwa hai, mahindi alikuwa anasagia wapi?"

Fundi akacheka. Laiti angejua! Mama yake alimgeukia. "Cheka, baba. Wenzio wanakula jikoni, wewe unacheka mezani." Kisha akamwambia Mama Pacha, bila hata kupandisha sauti: "Mimi sisemi kitu. Nimekuja kulea, nitalea. Lakini nimeona."

Bora angetukanwa, angejua la kujibu. Sasa "nimeona" unaijibu vipi? Aliosha vyombo kwa hasira, akaenda kumkabili mumewe chumbani.

"Mimi sikuila."

"Najua hukuila."

"Basi mwambie mama yako!"

"Nikimwambia atasema umeniweka kiganjani."

Mwanamume mzima, anayefanya kazi kwenye shimo la lifti ghorofa ya ishirini bila kusema ah, anamwogopa mama yake. Mama Pacha alilala amempa mgongo.

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akawaacha pacha na baba yao, naye ajifunze, akamwambia bibi avae koti. Pale bucha kuku walikuwa wamening'inia miguu juu, na Mama Pacha akamwomba mwenye bucha amteremshe mmoja. Bibi hakungoja kukaribishwa. Alikunja mkono wa koti, akaingiza mkono tumboni mwa kuku, akapapasa. Patupu. Akaomba wa pili. Patupu. Mwenye bucha akabaki kumtazama, kisu mkononi.

"Muulize wanazipeleka wapi."

Mama Pacha akauliza kwa lugha ya pale, na mwenye bucha akaonyesha kwa kidevu friza iliyokuwa pembeni. Humo zilijaa trei kwa trei za firigisi tupu, zimefunikwa nailoni. Bibi akashika ukingo wa friza. Maisha yake yote hakuwahi kuona nyingi namna ile mahali pamoja, hata arusini. Akiwa bado anashangaa, dada mmoja mwenye koti jekundu alipitisha mkono mbele yake, akachukua trei mbili.

"Huyo ana waume wangapi?" bibi alinong'ona.

Mama Pacha akaona isiwe taabu, akamuuliza yule dada, ambaye alicheka na kujibu.

"Anasema ni za mbwa wake, Mama."

"Za mbwa."

"Ndiyo. Anamchemshia kila siku."

Bibi akawaza kidogo. "Mbwa dume au jike?"

Swali hilo Mama Pacha aliona haya kulitafsiri, lakini macho ya bibi hayakuwa ya utani. Akauliza.

"Jike," akamtafsiria bibi.

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani, akajishika kiunoni, mwenye bucha naye akacheka asijue anacheka nini. Kisha kicheko kikakatika ghafla na uso ukawa wa mtu mwingine. "Chukua trei mbili," alisema. "Twende."

Maneno yalimtoka kwenye ngazi. Walipofika ghorofa ya pili goti likagoma, akaketi palepale, na Mama Pacha akaketi naye.

"Mimi nilirudishwa kwetu kwa ajili ya firigisi," alisema bibi. "Baba mkwe wako alikuwa na wageni, nikachinja, nikapika, nikapakua, ikaonekana haimo. Shemeji akasema alinisikia natafuna. Niliapa, nikaapa, nani anisikie? Usiku haukupita, nikafungiwa nguo zangu."

"Ilikuwa wapi?"

"Mpaka leo sijui. Labda paka. Labda ilikwenda na maji ya kuoshea. Nilikuwa na mimba ya huyu mumeo. Nikakaa kwetu nimeinamisha kichwa, baba yangu kila akipita sokoni anasikia watu wanaguna, hadi akachoka. Akanirudisha na kuku mkononi, tukaomba radhi."

"Kwa kosa ambalo hukufanya?"

"Nifanyeje? Tumbo lilikuwa limeshafika hapa." Akaonyesha. "Kuku mwenyewe nilimpika mimi. Firigisi akala baba mkwe wako." Akasugua goti. "Halafu jana mimi, mimi huyu, nikakaa kwenye meza yako nikageuza vipande."

Mama Pacha akambebea bibi koti, wakapanda.

Jioni firigisi zote zilikaangwa kwa kitunguu na nyanya, zikajaa sahani kubwa ya katikati. Bibi alizimenya mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Fundi alitoka kunawa mikono, akaona sahani, macho yakamtoka.

"Ala! Leo mimi mfalme!" Akaivuta.

Mama yake akaivuta akairudisha. "Hizi si zako."

"Mama, si wewe mwenyewe jana ulitaka kumfunga mtu kwa ajili ya..."

"Kula mchuzi, baba. Mchuzi mtamu."

Akamwekea Mama Pacha kwanza, mwiko mzima, kisha akajiwekea yeye. Fundi akatazama huku na huku, akiona leo hakuna wa kumtetea.

"Tule, mwanangu," bibi alimwambia Mama Pacha. "Mimi nilisemwa nimekula, nina njaa. Na wewe nimekusema hivyohivyo. Wakitusema tena, watukute tumeshiba."

Akatia moja mdomoni. Akaitafuna kwa upande wenye meno, kwa muda mrefu, maana firigisi ya kuku mkongwe ni ngumu hata uichemshe vipi. Akameza. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kumbe ni hii tu?" alimuuliza mkwewe.

Mama Pacha akatia ya kwake mdomoni. Na yeye ndiyo kwanza alikuwa anaionja.