Moja Saba Bega kwa Bega

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyosikia stendi ya Ngara kwamba namba 1,111,111 haigawanyiki, na aliyeoa akithubutu kuigawa, nyumba yake nayo itagawanyika. Aliyesema ni muuza ndizi mwenye sauti ya kuamsha Burundi nzima, nami enzi hizo nilidhani sauti kubwa ndiyo elimu. Akachora chini kwa kijiti: gawa kwa tatu, inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, moja tena! Jasho langu lingejaza debe.

Nilikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Mimi na mke wangu Adela tulisoma masomo ya jioni, na wiki ileile mwalimu akatupa zoezi: tafuteni vigawanyo vya 1,111,111. Mungu wangu! Adela akaishika kama kuku aliyeona mchwa. Mimi nikawa wa kuinuka na kukaa, kufunika chungu kisicho na kitu, kuchungulia daftari.

"Adela, acha hiyo namba."

"Nimefika mia moja na tatu, mume wangu. Niache nimalize."

"Unataka tuachane?"

"Kwa kugawa?" Akacheka.

Usilolijua ni usiku wa giza. Nililinyakua daftari nikalichana. Asubuhi alifunga kanga zake, akaenda kwao Nyamigogo.

Siku nne nyumbani hapakukalika, kiti kilikuwa kama kiberiti. Ya tano nikapanda baiskeli. Milima yote ya Ngara ilipanga foleni kunisubiri. Nilifika, nikaegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkwe alijibu akiwa jikoni, nyuma ya mlango, maana kwao Wasukuma mama mkwe na mkwe hawatazamani. "Umefuata mke au namba?"

"Mke, mama."

Adela akatoka na daftari jipya. Alikuwa amezijaribu moja moja namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Hamsini na moja zikakataa, ya hamsini na mbili ikakubali: 239 mara 4,649. "Zidisha mwenyewe," akasema. Nilizidisha mara tatu. Zikaja moja saba, zimesimama bega kwa bega.

"Sasa nyumba yetu, mama?" nikauliza kwa sauti ya panya.

"Namba haivunji nyumba, baba. Wewe ndiye uliyechana daftari la mtu."

Nikamwomba Adela radhi mbele ya mlango ule. Akafunga mzigo wake kwenye keria ya baiskeli. "Twende. Ila daftari hili usiliguse."

Mwanangu, kuuliza si ujinga, ila kuacha kuuliza kwa sababu ya hofu kunatugharimu. Jambo likikataa mara nne, usitangaze kuwa haliwezekani. Na mwenzio akiendelea kujaribu, mwachie kalamu yake. Mungu akupe subira ya kufika namba ya hamsini na mbili, na akupe watu wa kukwambia ukweli wakati bado una mlango wa kubisha.