Propela ya Mkonge

Wakati wa operesheni ya vijiji, Margwe, fundi seremala, alihamishwa kutoka shambani kwake akapangwa kwenye mstari wa nyumba pale Nambis. Viongozi walisema wananchi wakae karibu wasaidiane. Haya! Hata mwaka haujaisha, mwanawe wa kiume akafa kwa surua, na Margwe akabaki peke yake katikati ya watu.

Maana kwa Wairaqw, mtoto akifa, nyumba hutengwa miezi mingi. Hakuna anayeingia wala kupokea kitu kutoka humo. Odilia, mkewe, alichota maji wenzake wakishaondoka kisimani. Lakini aliyemchoma Margwe moyo ni binti yao Natalia. Alikatazwa kucheza na wenzake, akaacha kusema kabisa. Mtoto aliyekuwa akiropoka kama redio, jamani!

Basi Margwe akakumbuka ndege ndogo ya kuchezea aliyofundishwa kuunda na bruda mmoja wa misheni, ya kurushwa ndani ya nyumba tu. Akachukua mlingoti mkavu wa mkonge, mti mwepesi usio na mfano. Taabu ilikuwa propela. Alichana vipande vyembamba kwa wembe, akaviloweka maji ya moto, akavifunga mshazari juu ya chupa vikauke vimejipinda. Kisha akavikwangua kwa kigae hadi mwanga ukapenya. Akaunganisha viwili kuwa mapanga ya propela, akayapima juu ya mwiba. Lililoinama akalikwangua tena. Likapasuka! Akatukana, akaanza upya. Alitaka izunguke polepole, ndege ikae hewani, mtoto apate nafasi ya kucheka.

Alipousokota mpira wa tyubu ya baiskeli unaozungusha propela na kuachia, ndege ikaelea chini ya paa, taratibu. Natalia akainuka, akaifuata kwa macho, akacheka.

"Baba, tazama!"

Odilia alilia kwa furaha.

Ndege ikazunguka chumba, ikapita mlangoni, ikatua mbele ya watoto wa jirani. Wakapiga kelele, wakatawanyika. Mama mmoja akamvuta mwanawe mkono: "Usiguse! Imetoka nyumba ya msiba."

Natalia alisimama kizingitini.

"Baba," akauliza, "kwani ndege nayo imefiwa?"

 Margwe akatoka, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akamletea.

Binti akaficha mikono mgongoni.