Siku Mukaka Alipoteremka na Motokari

Jirani yangu wa hapa Bungulu, mtaa wa Beni, hutengeneza bodi za magari. Asubuhi akifungua kopo la mastiki ya kuzibia mabati, ile harufu kali ya kupanda mpaka kwenye paji la uso huingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Watoto wangu huziba pua. Mimi huacha kisu juu ya majani ya sombe, nikasimama kidogo. Kwa muda ule mimi si mama wa mtu. Nina miaka kumi, niko Butembo, nimesimama uani kwetu na jiwe mikononi, na sauti ya kupiga kelele imekataa kutoka.

Niwaeleze vizuri. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa ya mteremko, na uani, chini ya mabati, palikuwa na motokari ya Kiamerika ya milango miwili. Pua yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba kuku wawili waliweza kulala juu yake bila kusumbuana. Babu yangu, tuliyemwita Sokulu, aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anahama Beni, Papa akiwa bado anatambaa. Sebuleni kulikuwa na picha moja tu kubwa: Sokulu kwenye usukani, kofia kichwani, kiwiko nje ya dirisha, anatazama mbele kama mtu anayekwenda kuapishwa. Papa alikulia chini ya picha hiyo. Alijifunza ufundi wa malori kwa sababu ya picha hiyo, naamini, na Sokulu alipokwisha kufa, na motokari imekwisha kukaa miaka mingi ikiliwa na kutu, aliapa kwamba itatembea tena.

Basi kila Jumamosi uani kwetu palikuwa garaji. Papa aling'oa moteri ya zamani, yenye silinda nane, ambayo yeye mwenyewe alisema inakunywa petroli kama wajomba kwenye harusi. Mahali pake alitaka kuweka moteri ya dizeli ya pikapu iliyopinduka. Alikata chuma hapa, akachomea pale, akainua gari kwa springi nene kwa sababu ya mashimo ya barabara zetu, akapaka mastiki, akapiga msasa mpaka kope zake zikawa nyeupe. Siku moja alichomoa kwenye pedali kipande cha mti kilichofungwa kwa mpira, akakigeuzageuza.

"Mama, baba alikuwa murefu," alimwambia Mukaka. "Hii kipande ilikuwa ya nini?"

Mukaka ndiye bibi yangu, mama yake Papa: mfupi, mkavu, wa maneno machache. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. Papa alikitupa kile kipande motoni.

Mukaka alikuwa na desturi moja tu iliyohusu motokari. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, aliingia na rozari yake, akafunga mlango, akakaa. Alikaa upande wa usukani, kwa kuwa mlango wa pili ulikuwa umeshikwa na kutu. Alisema humo ndani ndimo mahali pekee nyumbani pasipo kuku wala wajukuu.

Jumapili ninayoieleza, Mama alikuwa anabandika sufuria kubwa nje, na jiwe moja la jiko lilipasuka.

"Kavira, tafuta jiwe ingine. Mbio, maji itamwangika."

Nikatafuta. Mawe yote niliyoyaona yalikuwa madogo au ya mviringo, isipokuwa moja, zuri, bapa, la kimo kilekile, limekaa chini ya gurudumu la mbele la motokari. Nikalivuta. Liligoma kidogo, likatoka. Nawaambia ninyi jambo ambalo Papa hajalijua mpaka leo.

Sikujua kwamba wiki ile Papa alikuwa amefungua breki zote. Moteri mpya ilikuwa bado chini, imelala juu ya tairi. Kilichobaki kuishika motokari ni breki ya mkono iliyofungwa kwa waya, na lile jiwe.

Nilisikia *tiin*, kama uzi wa gitaa unaokatika. Kisha kuku wakaruka kutoka kwenye bonati. Motokari ilisogea taratibu, kwa adabu, nikadhani ni mimi ninayerudi nyuma. Nilimwona Mukaka akipita mbele yangu, rozari mkononi, mdomo bado kwenye Salamu Maria. Macho yetu yakakutana. Halafu ua wa matete ukafunguka kama karatasi, na motokari ikashika njia ya kuteremka.

Papa alikuwa anaoga. Alitoka na kitambaa kiunoni na sabuni masikioni, akakimbia, nami nikakimbia nyuma yake. Jiwe nilikuwa nimeliangusha mguuni kwangu na sikusikia maumivu. Njia ile, wasomaji wangu, inashuka kama paa la nyumba. Na chini kabisa, saa ile, watu wa misa ya pili walikuwa wanatoka: mamamama wenye vitenge vipya, watoto wa komunyo, pikipiki zikingojea abiria.

"Mama! Ruka! Ruka!" Papa alipiga kelele.

Mukaka hakuruka. Alitoa kichwa dirishani, na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake ikatoka: "Mutoke mu njia! Iko bila frein! Breki hapana! Mutoke!"

Watu waligawanyika. Motokari ilipita katikati yao, ikalikosa bomba la mtaa, ambako wasichana walikuwa wamepanga mabidoni ya maji, kwa upana wa mkono mmoja. Nilingoja mlio. Nilijua tu utakuja, mlio wa chuma na wa watu. Lakini pale njia inapogawanyika, pua ile ndefu iligeuka kushoto, vizuri, bila haraka, ikapanda kijia cha shule. Ikapanda, ikachoka, ikasimama. Ilipoanza kurudi nyuma, Mukaka akazungusha usukani wote, na matako ya motokari yakaegemea ukingo wa udongo mwekundu. Basi. Hata kioo hakikupasuka.

Mamia ya watu, na ulisikia bomba likidondosha maji.

Papa alifika, akashika mlango kwa mikono miwili. Alimtazama mama yake kama mtu aliyeletewa maiti, kisha maiti ikamsalimia.

"Mama. Ni nani alikufundisha?"

Mukaka aliikusanya rozari yake mapajani. Aliuliza, polepole: "Ni banani baliniona?"

"Batu bote, Mama! Paroisse muzima!"

Akafunika uso kwa kitenge, akalia. Mimi nililia pia, nikajisogeza, nikaanza: "Papa, ni miye, ile jiwe..." Mkono wa Mukaka ulitoka dirishani, ukanishika bega kwa nguvu.

"Unyamaze. Ni waya ilikatika."

Jioni ile, sebuleni, Papa aliuliza tena, na mara hii alijibiwa. Mukaka alisema akitazama sakafu.

"Baba yako hapana alijua kuendesha muzuri. Macho yake haikuonaka mbali. Miye masista balinifundisha, nikiwa binti, juu ya kupeleka bagonjwa. Basi tukisafiri, miye nilikuwa naendesha. Tukifika karibu na muji, tunabadilisha. Yeye anaingia nayo polepole."

Papa aligeuka, akaitazama picha. Mji mzima ulikuwa unasimulia jinsi Sokulu alivyoendesha kwa mwendo wa maandamano ya sakramenti, bila kumkimbilia mtu. Walisema ni heshima. Kumbe hakuwa anaona. Papa akamgeukia tena mama yake.

"Na kile kipande ya muti..."

"Miguu yangu ni mifupi," alisema Mukaka.

Majuma matatu Papa hakuigusa motokari. Mtaani Mukaka alikuwa amekuwa shujaa. Vijana wa pikipiki walimpigia honi akienda sokoni, naye akaanza kupita njia za nyuma. Mama alidhani ni mshtuko wa ajali. Kisha Jumamosi moja nikasikia msasa tena. Papa alisogeza kiti mbele, na juu ya kila pedali akachomea kipande cha chuma, kizuri, kimenyooshwa kwa tupa. Hakumwambia mtu ni kwa ajili ya nani.

Motokari ilipokwisha, bluu, inanguruma kama lori, Papa alimpa Mukaka ufunguo. Tulikwenda Beni kuwasalimia ndugu za Sokulu. Wakati ule barabara hiyo ilipitika bila woga. Mukaka aliendesha miteremko ya Kabasha kana kwamba ameipita jana. Papa, pembeni yake, alicheka peke yake kama mtoto. Mimi na Mama tulikuwa nyuma.

Nyumba za kwanza za Beni zilipoonekana, Mukaka alisimamisha gari.

"Kuja huku," alimwambia Papa.

"Mama, endelea tu. Butembo muzima inajua."

"Butembo inajua. Beni hapana. Bandugu zake beko hapa."

"Baba alishakufa, Mama!" Sauti ya Papa ilipanda. "Unaogopa nini tena?"

"Siogope. Jina yake ndiyo nilibakia nayo."

Papa akashuka, akazunguka ile pua ndefu, na yeye Mukaka akashuka, wakapishana mbele ya gari bila kutazamana. Papa aliingia mjini akiendesha polepole mno; watoto wa Bungulu walitupita kwa miguu. Mdogo wake Sokulu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi. "Mutazame! Anaendesha kama baba yake kabisa!"

"Kabisa," alisema Mukaka, mkoba wake juu ya magoti.

Nilikasirika siku ile mpaka sikula. Nilidhani wamemnyang'anya kitu mbele ya macho yangu, na kwamba yeye mwenyewe amewasaidia. Nilidhani pia kule chini ya mteremko alilia kwa kuogopa kufa, si kwa kuonekana.

Wazee wale wa Beni wamekwisha kufa wote, na Mukaka pia. Ndiyo maana naweza kuandika. Nimeolewa miaka kumi na mitano sasa. Kuna jambo moja mume wangu hawezi, nami humfanyia, na watu wanaamini analifanya mwenyewe. Hajaniomba. Hakuna aliyenilazimisha. Na hata ninyi, niliowafungulia mengi hivi, hilo siwaambii.