Mbuzi Niliyempeleka Kizota

Wengi mliniuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu anaacha shamba mwezi wa kumi na mbili, mawingu yameshaanza kujikusanya, anapanda gari kwenda mjini kula Krismasi. Sikuwajibu kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa nimerudi, nimekaa, nawajibu wote kwa pamoja.

Nilikwenda kwa sababu ya mkamwana wangu. Mwanangu Daudi ana karakana ya kuchomelea mageti kule Kizota, na amemwoa Neema, binti wa Moshi. Tangu waoane, kila Desemba Neema hufunga mizigo, hubeba wajukuu zangu, wanapanda basi kwenda kwao. Mnawajua watu wa Moshi. Krismasi ikikaribia, hata aliyelazwa atauliza basi linaondoka saa ngapi. Mimi wajukuu nilikuwa nawaona Pasaka, kama mvua haijakata barabara.

Mwaka huu Neema akanipigia simu. Akasema, "Mama, safari hii nabaki. Tufanye Krismasi hapa Kizota, na wewe uje uisimamie. Ikienda vizuri tutapokezana, mwaka huu kwenu, mwaka unaofuata kwetu. Isipokwenda vizuri, usinilaumu nikirudi kwenye basi langu."

Mkamwana mwingine asingethubutu. Mimi nilimpenda kwa hilo. Mtu akiniambia usoni, silali na maswali. Lakini nilielewa pia kwamba siku moja hiyo ndiyo itaamua kama wajukuu zangu watakua wanalijua jiko langu au watanijua kwa simu.

Kabla ya kuondoka nilimaliza kupanda uwele kwenye vumbi, kama tunavyofanya, mbegu ikae chini isubiri mvua yake. Kuku nikamwachia jirani. Nikafunga unga wa uwele, mlenda mkavu, na nikamfungua zizini yule mbuzi dume mweusi mwenye paji jeupe la uso, ambaye nilikuwa namlisha mashudu ya alizeti tangu mavuno. Mlimwona. Alikuwa amenona mpaka anatembea kama diwani.

Jioni ile nikampigia Mery, binti yangu anayekausha samaki Mtera, kumkumbusha kuwa tunakutana kwa kaka yake.

"Nije na samaki, mama?"

"Samaki unakula mwaka mzima, huchoki? Krismasi ni nyama. Njoo mikono mitupu."

"Sawa, mama."

Hiyo sawa ya Mery naijua. Ni ya mtu ambaye ameshaamua lake.

Asubuhi nilipata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kinacholeta saruji kijijini na kurudi kitupu. Dereva akamfunga mbuzi nyuma, mimi nikakaa mbele na unga wangu mapajani.

"Bibi, huyu abiria wa nyuma ana tiketi?"

"Tiketi yake ni mimi. Endesha."

Mpaka Chamwino tulikula vumbi. Baada ya hapo ni lami, na gari likaacha kunitikisa meno. Pande zote mbili watu walikuwa mashambani, majembe juu majembe chini, na anga la upande wa Kongwa lilikuwa jeusi. Nilimwambia dereva kuwa mvua ikinyesha leo uwele wangu utaota mimi sipo. Akasema uwele hauhitaji kuangaliwa usoni ndipo uote. Hapo alinishinda.

Tulipofika Mtumba akanionyesha majengo ya wizara, marefu, ya vioo, yamejipanga kama yanasubiri ukaguzi.

"Hapa ndipo serikali inapokaa siku hizi, bibi."

"Naiona. Na Krismasi wanapika nini humo?"

"Hakuna anayepika. Wanakwenda kwao. Dodoma yote inabaki nyeupe, bibi. Kila mtu hapa ana kwao."

"Mimi kwetu ni hapa hapa," nikamwambia.

"Basi wewe ndiye mwenye nyumba. Tulishe sisi wageni."

Tulicheka, tukaendelea.

Kizota nilifika mchana. Huko unasikia kabla hujaona: mashine za kukata vyuma zinapiga kelele mtaa mzima, na harufu ya kuchomelea inakukaa kooni. Nyumba ya Daudi iko nyuma ya karakana, ua mmoja na nyumba ya pili, bomba la maji moja. Wajukuu walinipa shikamoo, kisha wakamkimbilia mbuzi. Sikuwalaumu.

Neema alinipokea mizigo, akanikalisha, akaniletea chai. Tukaanza kupanga. Yeye alitaka pilau. Nikamwambia pilau sawa, lakini pasipo ugali wa uwele na mlenda mimi nitahesabu nimeshinda njaa. Akakubali. Yeye alitaka kupikia gesi, mimi nikasema ugali wa uwele unataka moto wa kuni na mkono wa kuusonga. Akakubali pia, akamtuma Daudi kutafuta mafiga.

Halafu akasema, "Na majirani nimewaalika, mama. Mzee Shabani na Mama Rukia, wa hapo ng'ambo ya bomba."

Akanieleza kuwa hao ni watu wa Kondoa. Siku uchungu wa mtoto wa pili ulipomshika, Daudi alikuwa safarini. Mama Rukia ndiye aliyempeleka hospitali, akakaa naye mpaka mtoto akatoka, akafua na nguo. Na kila Idd sinia linavuka bomba kuja kwake. Yeye hajawahi kurudisha, kwa kuwa Krismasi zote huwa Moshi.

"Hiyo ndiyo sababu nyingine nimebaki," akasema.

"Waje," nikamwambia. "Mbuzi ni mkubwa."

Sikuuliza zaidi; akili yangu ilikuwa kwenye mbuzi, hata hiyo Idd ilinipita. Yeye naye hakueleza zaidi, aliona ni jambo linalojulikana na kila mtu.

Asubuhi ya Krismasi Neema aliwahi ibada ya kwanza na watoto, maana anaimba kwaya. Mimi na Daudi tulibaki tumshughulikie mbuzi. Jua lilikuwa limeshatoka na Daudi anazungukazunguka, mara anafagia, mara anafunga kamba upya.

"Unasubiri nini?" nikamwuliza.

"Tungoje kidogo, mama. Mzee Shabani atakuja kuchinja."

"Kwani wewe mkono umevunjika?"

"Hapana, mama. Ndio utaratibu wa hapa."

"Utaratibu wa nani? Mbuzi ametoka kwenye zizi la marehemu baba yako, halafu achinjwe na mtu wa nyumba ya pili, wewe umesimama unaangalia kama mgeni? Kijijini wakisikia nitaficha wapi uso?"

"Mama, ni kwamba..."

"Kisu kiko wapi?"

Kwetu, ninyi mnajua, mbuzi wa sikukuu anachinjwa na mtoto wa kiume wa nyumba. Ni heshima yake, na kumpa mtu mwingine ni kumvua mwanao shati mbele za watu. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Daudi ni mtoto mtiifu, hajawahi kunijibu mara mbili. Siku ile utiifu wake ulituponza. Akachukua kisu, akachinja.

Neema aliporudi kutoka kanisani, ngozi ilikuwa imeshaanikwa juu ya ukuta. Akasimama mlangoni na nguo yake ya kwaya, akatabasamu.

"Mzee Shabani amewahi hivi?"

Daudi akashika ufagio tena.

"Daudi. Nani kachinja?"

"Mimi."

Neema akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Mama, wale ni Waislamu. Nyama asiyoichinja Mwislamu hawali. Ndiyo maana mtaa huu mzima, mwenye sherehe anamwita Mzee Shabani. Miaka yote nakula kwao. Mwaka mmoja nimebaki niwalishe, na siwezi kuwapa hata mchuzi."

Akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi. Sijui alikuwa anatoa nguo au anaweka. Sikuwa na ujasiri wa kuchungulia.

Daudi akaniangalia. Nikamwambia, "Wewe ulishindwa nini kusema neno moja tu, Waislamu?"

"Ulikuwa unaongea, mama."

Nilinawa mikono, nikavaa kitenge kizuri, nikavuka bomba. Jambo nililoliharibu mimi silitumi kwa mtoto akalitengeneze. Mzee Shabani alikuwa amekaa barazani na kanzu safi, na kisu kimefungwa kwenye kitambaa kando yake. Alikuwa anasubiri kuitwa. Hicho kisu kilinichoma kabla sijakaa. Mama Rukia, mkewe, alikuwa anachambua mchele.

"Mbuzi amechinjwa," nikawaambia. "Amechinjwa na mwanangu, kwa amri yangu. Neema alikuwa kanisani, hana kosa. Sikuuliza utaratibu wa mahali nilipokuja. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, msije mkakuta sinia mkadhani mmedharauliwa."

Mzee akakitazama kisu chake. "Nami nilikinoa tangu jana, mama," akasema. Kisha akacheka kidogo puani. "Mkono wako mwepesi."

"Ni mzito kwenye kuuliza," akasema Mama Rukia, bila kuinua macho kwenye mchele. Nilistahili.

Nikamwambia, "Yule mbuzi haingii kwenye mkeka wetu leo. Siwezi kuwaweka wageni upande huu wanakula majani na sisi upande ule tunakula nyama. Tutakula wote kitu kimoja, hata kama ni ugali na mlenda mtupu. Lakini sufuria zangu zimeshashika damu. Niazime zako, na uje nazo mwenyewe uone ninavyopika."

Mama Rukia akaweka ungo chini. "Ugali wa uwele?"

"Wa uwele."

"Marehemu mama yangu alikuwa anaupika," akasema, akainuka kutafuta sufuria.

Mbuzi tulimpeleka karakana. Kulikuwa na mafundi wa mikoani ambao hawakupata njia ya kwenda kwao, walikuwa wamekaa juu ya vyuma wanakunywa soda. Daudi akawapelekea nyama yote. Mbuzi wangu wa mashudu, hata ini sikulionja.

Karibu na adhuhuri bajaji ikasimama getini. Mery akashuka, khanga imelowa maji ya ndoo mbili, na humo ndani ni perege wa Mtera, wengine wabichi, wengine wamekaushwa kwa moshi, wanene kama kiganja cha mwanamume.

"Najua ulikataza," akasema kabla hata ya kunisalimia. "Nigombeze baadaye, mgongo unauma."

Samaki hana wa kumchinja. Kila mtu anakula. Nilimwangalia mtoto yule na samaki wangu wa kukatazwa, nikamshukuru Mungu kwamba watoto wangu hawanisikii wote.

"Leta hapa," nikamwambia. "Mzee Shabani ana kisu kikali, atakusaidia kuwapara."

Neema akatoka ndani kwa kelele za Mery. Akakuta mzee anapara magamba, Mama Rukia kashika mwiko, mimi nachochea kuni, na sufuria zote za kuazima. Halafu akajifunga khanga kiunoni, akaniambia, "Sogea, mama, hapo moshi unakuua," akachukua nafasi yangu kwenye mafiga.

Wakati wa kula mvua ikaja, ile ya kwanza, ya matone makubwa. Tulibeba masinia mbio, tukajibana sebuleni, magoti kwa magoti. Pilau ya Neema haikuwa na nyama, ilikuwa na perege wa kukaanga juu yake, na ugali wangu uliisha kabla yake. Mzee Shabani alisema Krismasi ijayo atauza kisu anunue ndoana. Bati lilikuwa linapiga kelele hata hatusikiani, lakini kila mtu alikuwa anaongea.

Siku niliyoondoka, Neema alinisindikiza mpaka stendi. Hakuwa amesema neno lolote juu ya mapatano yetu, nami sikutaka kuuliza, ingawa ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuuliza. Gari lilipowashwa akanipitishia dirishani chupa ya maji.

"Mwakani ni zamu ya Moshi, mama."

"Zamu," nikasema. Nilitaka nilisikie tena neno hilo.

"Ndiyo, zamu. Na mwaka unaofuata huo tuko kwako kijijini, ujiandae. Lakini Moshi sendi bila wewe. Mama yangu ameshasikia habari zako, anataka akuone."

"Habari zipi?"

"Zote," akasema, gari likaondoka.

Nimefika nyumbani nimekuta uwele umeota, mashimo machache tu ndiyo ya kurudishia mbegu. Yule dereva alisema kweli. Krismasi nayo nilidhani haiwezi kwenda bila mkono wangu, kumbe mkono wangu ndio uliotaka kuiharibu. Mwenye kuandaa sikukuu aanze kwa kuuliza nani atakula na anakula nini, mbuzi baadaye. Na mtoto wako akisema "mama, ni kwamba," mwache amalize.

Neema ameniambia kwao kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe, na ukikosea kugawa unaanzisha maneno ya mwaka mzima. Nimeshamtenga mmoja, yule mwekundu mnayemwona amefungwa kando ya jiko, naye ameanza mashudu. Atafika Moshi mzima. Nitamkabidhi mwenye mji pamoja na kamba yake, kisha nitaomba kigoda nikae, mikono yangu mapajani.