Lango la Kusini

Upepo umeshageuka, sasa unavuma kutoka kaskazini kwenye nyanda za Dakota Kusini, Marekani. Lorna Haugen, mfugaji wa miaka sabini na mbili, anashuka farasi kwenye kona ya kusini ya ranchi yake, anafungua lango la waya na kulilaza juu ya nyasi. Vidole vyake havikunjiki vizuri siku hizi, ila kazi hii hamwachii mtu.

"Ng'ombe akipigwa na dhoruba ya theluji, huupa upepo mgongo na kwenda tu," anasema. "Akikuta waya, anasimama. Akisimama, amekwisha."

Aliyemsimulia haya ni nyanya yake, Sigrid. Baba yake Sigrid, Anders, alikuwa wa kwanza kuzungushia malisho waya pande hizi, na alijivuna nao kupita kiasi. Majirani walioacha mifugo yao izurure aliwaita wavivu.

Januari iliyofuata, dhoruba ilipiga siku mbili. Ilipotulia, ng'ombe wake wote, zaidi ya mia moja, walikutwa wamelundikana kwenye kona hii, wameganda wakiwa wamesimama.

"Nyanya alikuwa mtoto wa miaka minane. Alimtambua ng'ombe wao wa maziwa kwa kengele," Lorna anasema. "Baba yake alichukua koleo akaanza kukata waya. Ng'ombe wameshakufa, yeye anakata tu."

Tangu hapo lango hili halifungwi majira ya baridi. Lakini ranchi ya kusini imepata mmiliki mpya, Darrell Stroh, na nguzo zake za ua zimeshafika hapa, mbele ya lango. Anateremka kwenye pikapu yake.

"Mama Lorna, ng'ombe wako watanimalizia nyasi!"

"Nyasi nitakulipa. Wewe utanilipa nini wakinifia kwenye waya wako?"

"Hayo ni ya kale, mama. Siku hizi hali ya hewa tunaiona kwenye simu."

"Haya. Na simu ndiyo itakuja kufungua?"

Darrell anacheka. Lorna hacheki. Mauzo ya ndama mwaka jana yalimrudishia gharama tu. Msiba mmoja kama ule, na ranchi imekwenda.

Anatoa koleo kuukuu la Anders mfukoni, mpini umelika kwa mikono ya watu wanne wa ukoo wake.

"Basi jenga ua wako. Koleo hili nitalitundika kwenye nguzo hii. Dhoruba ikija, wewe uko karibu kuliko mimi."

Darrell analipokea, analigeuza. Hacheki tena.

"Nikate ua wangu mwenyewe?"

"Anders aliukata wake," Lorna anamjibu. "Ila wewe ukate huku ng'ombe bado wanatembea."