Shahidi Aliyebaki Kwenye Palizi

Siku ile naikumbuka mpaka umande wake, mwanangu. Nilikuwa napalilia mahindi yangu Rudewa, na moyo wangu uko Kilosa, mahakamani.

Swahiba wangu Selemani alishtakiwa kwamba amewakata mapanga ng'ombe wa tajiri mmoja. Haikuwa kweli. Siku ng'ombe wale walipokatwa tulikuwa wote Munisagara, tunapakia magunia kwenye treni, na shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu. Lakini kijiji kizima kilisema tajiri ameshapita kwa hakimu, nami, kijana mjuaji, nikajiambia mwenye nguvu mpishe. Kwa nini nipoteze siku ya palizi? Nikabaki.

Hakimu alimwuliza Selemani kama ana shahidi. Waliokuwepo walinisimulia kwamba aligeuka akautazama mlango, akautazama sana. Akafungwa.

Rufaa ikakatwa, ikagonga mwamba. Jaji hupima yaliyosemwa kule chini, na langu halikusemwa. Kama tajiri alitoa kitu, mpaka leo sijui.

Nikaenda kumpa pole mama yake. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Walikupa nini?" akaniuliza.

"Hawakunipa kitu, mama."

"Afadhali ungekula chao. Umemuuza mwenzio bure."

Selemani alipotoka alihamia Mikumi, akawa anauza vitunguu barabarani. Tangu utoto tulikuwa tunaitana "pacha". Nilipomfuata kule akaniita "bwana mkubwa", akanipimia vitunguu, akanishukuru kama mteja yeyote. Alifariki mwaka jana. Natamani, mwanangu, natamani mpaka kifua kinauma, sauti ile iniite pacha mara moja tu.

Sasa nasikia umeitwa kutoa ushahidi Jumatatu kwenye kesi ya mwenzio, na unasema wenye nazo wameshamaliza kesi. Sikudanganyi, mali ina nguvu. Inaweka wakili, inaleta mashahidi, wala haichoki kesi ikiahirishwa. Ila kimya chako usiwape bure. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na haki ya mnyonge mara nyingi imo kinywani mwa jirani yake.

Palizi itangoja. Nenda ukaseme ulichokiona, kisha waamue wao. Mungu akutie nguvu ya ulimi, na mwenzio atakapougeukia mlango, akuone unaingia.